Bibi Aliyemwinukia Mkaguzi wa Bima

Nianze na magoti yangu, maana ndiyo yaliyonikumbusha haya yote. Siku hizi nikitaka kuinuka kwenye kiti natoa tangazo kwanza. Nasema, "Jamani, nainuka," wajukuu wananyamaza kunitazama, nami nainuka kwa awamu. Awamu ya kwanza mikono, ya pili makalio, ya tatu nimeshasahau nilikuwa naenda wapi. Kuoga kwangu sasa ni kazi ya watu wawili, na soksi ananivalisha binti yangu. Wajukuu wanacheka mpaka wanakaa chini. Mimi nacheka kuliko wao, kwa sababu najua jambo ambalo hawajaanza hata kuliwaza: magoti haya yana bima.

Nimeuza bima Sumbawanga na uwanda wote wa Ufipa tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu. Nimewakatia watu bima ya pikipiki, ya duka, ya ng'ombe wa kulimia, ya boti kule Kirando. Lakini ile niliyoipenda ilikuja miaka ya mwisho ya kazi, na jina lake lilikuwa refu kama treni: bima ya uangalizi wa muda mrefu. Ukimaliza kulitamka, mteja ameshaenda kuchota maji akarudi. Sisi mawakala tukaiita bima ya mikono, na jina hilo ndilo lililouza.

Ngoja niwaeleze, maana najua ninyi vijana mnadhani bima ya afya imemaliza kila kitu. Bima ya afya inamlipa daktari, inalipa dawa na kitanda cha hospitali. Ukitoka hospitali ukiwa hai lakini huwezi kujivalisha sketi, yenyewe imeshakuaga. Kuanzia hapo unahitaji mikono ya mtu. Ya kukuogesha, ya kukulisha, ya kukugeuza kitandani, leo na kesho na miaka ijayo. Mikono hiyo ina gharama hata ikiwa ya binti yako wa kumzaa, kwa sababu binti yako alikuwa na kazi nyingine ya kufanya nayo.

Sasa, kumuuzia mtu kitu kama hicho si mchezo. Siku yangu ya kwanza na bima hiyo nilipelekwa Kirando, ziwani. Nikawakuta akina mama wanaanika dagaa, wachangamfu, wamenikaribisha vizuri. Nikatoa karatasi zangu, nikakohoa kama mwalimu, nikaanza: "Mama, siku ile utakapopooza…"

Wote wakaacha kuanika. Mmoja akashika ufagio, akaniuliza kwa upole kabisa ni ndugu yake yupi aliyenituma. Nikajaribu kueleza kwamba sijatumwa na ndugu, nimetumwa na kampuni. Akasema kampuni ya wachawi anaijua. Niliondoka pale kwa mwendo ambao viatu vya visigino havikutengenezewa, nacho kisigino kimoja nafikiri kiko Kirando mpaka leo.

Aliyenifundisha kuiuza alikuwa Mzee Ladislaus, wakala wa siku nyingi, mtu wa Msanzi, mfupi, mwenye koti kubwa alilolivaa mwaka mzima kwa ajili ya baridi yetu. Nilipomsimulia habari ya ufagio alicheka hadi akajishika kwenye mlingoti wa bendera wa ofisi. Kisha akaniambia nimfuate kesho yake kijijini kwao nikaone kazi inavyofanywa.

Tulipofika nyumba ya kwanza akasalimia mbele kwa heshima zote. Halafu, badala ya kukaa, akazunguka uani, akaingia jikoni, akafunua sufuria. "Humu mna nini?" akauliza. Mlikuwa na kiporo cha kande. Akajipakulia, akaketi kwenye kigoda, akaanza kula. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mama mwenye nyumba, badala ya kukasirika, akamsukumia chumvi, akaanza kumsimulia mambo ya nyumba ile ambayo hata padri hakuwa ameyasikia.

Njiani nikamwambia, "Mzee, umenitia aibu."

"Aibu ipi? Ukikaa sebuleni utaambiwa wote wazima, wanakusalimu," akasema. "Jikoni ndiko utakakoambiwa baba hajashuka kitandani tangu mavuno. Watu wetu hawamwonyeshi mgeni ugonjwa. Sasa mimi natafuta namna ya kutokuwa mgeni. Hakuna mgeni anayefunua sufuria."

Tena akanikanya kuhusu kupooza. Usimtajie mtu ugonjwa, akasema. Muulize tu: nani atakufulia mashuka? Basi. Hapo hakuna anayeona umemlaani. Mtu anaanza mwenyewe kuhesabu watoto. Huyu yuko Dar, huyu yuko Mpanda, huyu yupo hapahapa lakini heri angekuwa Mpanda. Akifika mwisho wa hesabu ananyamaza, nawe unafungua mkoba taratibu.

Kuna baba mmoja hapohapo Msanzi alituambia yeye ana vijana wa kiume watupu, tena wenye nguvu, hahitaji bima ya mikono. Mkewe alikuwa jikoni. Akacheka. Akacheka tena. Akacheka mpaka tukasikia amekaa chini, na moto nadhani ulizimika. Yule baba akatazama dari kwa muda, kisha akaniuliza, "Hiyo bima inaanza lini?"

Lakini nataka kuwaambia habari ya Bibi Alfonsia wa Kasense, maana kila nikiikumbuka nacheka peke yangu hata kanisani.

Bibi Alfonsia alikuwa mkulima wa ulezi na mahindi, mjane, mwanamke wa kunyooka. Alikata kwangu bima ya mikono akiwa bado anapanda baiskeli. Mwanaye mmoja aliyebaki karibu ni Sabina, fundi cherehani, aliyekuwa na nafasi yake kwenye kibaraza cha duka pale sokoni mjini. Kama umevaa sare ya kwaya Sumbawanga, huenda ilipita kwenye mikono ya Sabina. Halafu Bibi akapatwa na kiharusi. Alipona, ila upande wa kushoto ulibaki mzito. Kuoga hawezi, kuvaa hawezi, kutoka kitandani mpaka ainuliwe. Sabina akafunga kazi. Cherehani akaileta nyumbani, akaifunika shuka, akaiegesha kando ya kitanda cha mama yake. Mwenye duka alimpenda Sabina, akamtunzia nafasi, lakini akamwambia ukweli: mafundi wengine wanaitaka, na mwezi ukiisha atampa mwingine.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Bima ikilipa, wataajiri msaidizi na Sabina atarudi kwenye kibaraza. Bima isipolipa, Sabina hana kazi tena, na nyumba nzima haina cha kutegemea.

Na hapa vijana naomba mtoe simu masikioni. Bima ya namna hii hailipi kwa sababu umeumwa. Inalipa pale unaposhindwa kufanya mwenyewe mambo ya kawaida ya kila siku: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuinuka kitandani. Ukishindwa machache kati ya hayo, inalipa. Na kampuni haikuamini kwa maneno, inamtuma mkaguzi aje akuone kwa macho yake. Kabla hujaweka sahihi popote, uliza ni mambo yapi, na ni mangapi.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa msichana anaitwa Neema, ametoka Mbeya, mpole, mwerevu, na anatetemeka kwa baridi mpaka nikampa sweta langu. Mimi kwa adabu zangu nilikuwa nimeshampigia Sabina simu siku moja kabla: kesho tunakuja na mgeni kutoka ofisini.

Tulipofika Kasense, Bibi Alfonsia alikuwa amesimama mlangoni.

Nasema amesimama. Amevaa kitenge cha Pasaka na kitambaa cheupe kichwani, amepaka mafuta anang'aa. Neema akasema, "Shikamoo Bibi," na Bibi, mtu ambaye wiki nzima alikuwa akigeuzwa kitandani, akashuka kwa magoti, akapiga yale makofi mepesi ya Kifipa ya kumpokea mgeni. Mkono wa kushoto uliletwa na Sabina, aliyekuwa ameubeba kwa ndani ya kitenge, lakini kutoka mlangoni huwezi kujua. "Marahaba mwanangu, karibu sana, pole na safari."

Nikamtazama Sabina. Sabina akatazama juu kwenye bati.

Yaliyofuata ni kama vile Bibi alikuwa ameisoma ile orodha ya kampuni akaamua kuimaliza moja baada ya nyingine. Aliinuka. Alitembea mpaka kwenye kiti, amemshika Sabina kiunoni, na kwa mgeni ilionekana ni mama anayempenda mwanawe kupita kiasi. Alishika birika kwa mkono wa kulia akamnawisha Neema mwenyewe. Ukaja ugali wa ulezi na maharage, akala bila kudondosha hata tonge, huku anamhimiza mgeni aongeze. Neema akamuuliza kwa utaratibu, "Bibi, kuoga unaweza mwenyewe?"

"Nikiwa na wageni?" Bibi akashangaa. "Naoga kabla hamjafika."

"Na kuvaa?"

"Si unaniona nimevaa."

Nilijaribu kukohoa. Bibi akaniuliza kama nina kifua, akamwagiza Sabina aniletee maji ya moto. Nilipojaribu kusema kwamba hali yake hasa si hii, alinitupia jicho ambalo nimelijua tangu utotoni, jicho la mama wa Kifipa anayemwona mtoto akitoa siri mbele ya watu. Nikanywa maji yangu. Tulipoaga alitusindikiza mpaka kizingitini, akapunga mkono.

Ndani ya bajaji Neema alikuwa anatabasamu. "Mama, Bibi yule anaweza kunishinda mimi mbio."

Kicheko kilinipanda na machozi yakanipanda, vyote pamoja. Nikamwambia kwamba alichokiona si Bibi, ni mapokezi. Akasema kwa upole, "Mama, mimi naandika nilichokiona. Na nikiandika hapana, lazima akae mwaka mzima ndipo aombe tena."

Hatujafika hata lami, simu yangu ikalia. Sabina. Nikaiweka sauti ya juu kwa sababu masikio yangu nayo yalishaanza kustaafu. "Mama Wakala," alisema, "mama ameangukia kitandani mara tu mlipogeuka. Kikombe hashiki. Nguo zimelowa, nambadilisha hapa." Alikuwa analia, lakini anacheka pia. "Alikuwa ananiminya kiunoni hadi nimevimba."

Neema akavuta sweta langu mpaka shingoni. Kisha akasema, "Bibi yangu Kyela naye yuko hivyohivyo. Tulimpeleka daktari, akamwambia daktari pole na kazi, akainuka akaondoka." Akatazama saa yake. "Ninaruhusiwa kumwona mara ya pili. Basi la Mbeya naweza kulipanda kesho mchana. Lakini nikienda, si atainuka tena?"

Ndipo nilipomkumbuka Mzee Ladislaus na kande zake. Nikamuuliza, "Neema, unaweza kula kiporo?"

Asubuhi tulifika mapema. Nilimwomba Sabina asimtangaze mtu. Hatukupita mbele. Tulizunguka uani, Neema amefunga kitenge changu kiunoni, mkoba wake nimeubeba mimi. Tukaingia jikoni, chumba kilichopakana na cha Bibi. Nikamwonyesha sufuria kwa kidole. Alisita, maskini, alilelewa vizuri. Kisha akafumba macho akainua mfuniko, ukagonga sufuria kwa kelele.

Kutoka chumbani ikaja sauti. "Nani huyo anafunua sufuria?"

Neema akanitazama. Nikamfanyia ishara ajibu.

"Mimi, Bibi."

"Mimi nani?"

Hapo nilidhani tumekwama, lakini yule binti wa Kyela alikuwa na bibi yake, na anajua wanavyotaniana. Akajibu mdomo umejaa ugali baridi, "Mke mwenzako. Na njaa yangu."

Mara kitanda kikaanza kulia, maana Bibi alikuwa anacheka. Kiti hakikuburutwa, kitenge cha Pasaka hakikuitwa. "Basi ukimaliza kula njoo uninyanyue, nataka kwenda uani. Sabina ameenda bombani, na mimi siwezi kukusubiri ushibe."

Neema akaingia. Bibi akamtazama, akamjua. "Wewe si yule mgeni wa jana?" Na nikiwa nyuma ya pazia niliona bega la kulia limeanza kujaribu kuinuka.

"Yule alishaondoka, Bibi," Neema akasema, analamba vidole. "Mimi ndiye niliyemaliza ugali wako."

Bega likashuka. Wanangu, niliona mwili wote wa yule mama unalegea, na nilitaka kupiga vigelegele palepale. Kilichofuata Neema hakukiandika tu, alikibeba. Alimnyanyua vibaya, wakaanguka wote wawili kitandani, na Bibi akamwambia kwamba mke mwenza wa namna hii atarudishwa kwao. Akamfundisha: weka mguu wako hapa, shika kwapani, hesabu kisha vuta. Wakaenda uani, wakarudi. Akamwogesha. Akamvalisha, mkono wa kushoto kwanza, kwa sababu Bibi alimpigia kelele alipoanza na wa kulia. Akamlisha uji wa ulezi, na uji ukawa unatoka upande wa kushoto wa mdomo, Neema anaufuta kwa kona ya kitenge changu kipya.

Akamuuliza, "Bibi, kwa nini jana hukuniambia?"

"Jana ulikuwa mgeni. Nikupokee nimelala?" Kisha akageuza macho kwenye cherehani iliyofunikwa shuka, na sauti ikabadilika. "Ile cherehani imefunikwa kama maiti, na ni kwa ajili yangu. Nikifumbua macho naiona. Mwanangu alikuwa anashona mpaka wageni wa mbali wanamfuata. Sasa anashika miguu yangu tu. Inaniuma kuliko mguu wenyewe."

Sabina alikuwa ameshaingia na ndoo kichwani, akabaki amesimama nayo. Neema alilia waziwazi, kijiko mkononi, na Bibi akamwambia asilie ndani ya uji.

Bima ililipa. Akapatikana mama mmoja jirani, mwenye nguvu za kuinua gunia, na kabla mwezi haujaisha cherehani ilirudi kwenye kibaraza. Bibi Alfonsia aliishi miaka mingine mizuri, akimgombeza msaidizi wake kutwa nzima kwa furaha kubwa.

Tangu siku hiyo sikumpeleka mkaguzi yeyote kwa mlango wa mbele. Ninyi mnaoanza kazi hii na simu zenu na sahihi za kwenye kioo, fanyeni hivyohivyo. Na ninyi mnaonunua: ulizeni kama malipo yanapanda bei za vitu zinapopanda, maana mshahara wa msaidizi hautakuwa wa leo. Ulizeni mtasubiri muda gani kabla malipo hayajaanza, mjue nani atawabeba katika muda huo. Ulizeni kama ndugu yenu anaweza kulipwa, au lazima awe mtu wa nje. Tena nunueni magoti yakiwa bado kimya, kwa sababu yakishaanza kupiga kelele hakuna kampuni itakayowafungulia mlango. Mimi nilinunua nikiwa naruka mitaro. Wenzangu walinicheka, sasa wananiuliza kama bado inauzwa.

Na sasa zamu yangu imefika. Jumanne mkaguzi anakuja kuniona mimi. Nimewakalisha watoto wote nikawapa maagizo: mkiniona nainuka, nikalisheni. Mlango wa mbele ufungwe. Kiporo kiwepo. Binti yangu amechoka, namwona, ananivalisha soksi huku anatazama saa ya kwenda kazini, na ninataka apate mtu wa kumsaidia kabla hajazeeka kwa ajili yangu. Sitaki mzaha kabisa na jambo hili.

Jana wajukuu wakanipakia kwenye bajaji mpaka sokoni, kwa Sabina. Nilikuwa nimekumbatia kitenge kipya, kile cha bluu nilichokihifadhi. Sabina akanipima mabega, akanipima kiuno, akaniuliza gauni la sherehe gani.

"Hakuna sherehe," nikamwambia. "Jumanne nina mgeni."

Akaweka tepu mezani. "Mgeni gani, Mama Wakala?"

Nikatazama upande wa pili wa barabara, kulikokuwa hakuna chochote cha kutazama.

Sabina akakunja kitenge changu vizuri, akakifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. "Njoo Jumatano," akasema.